Riziki Asiyekuwamo Kitabuni

Saa tisa alasiri, uani kwa Nadjma, mtaa wa Ampisikina, Mahajanga. Sindano zinafanya kazi. Wanawake saba wamekaa mkekani, leso zao, salova, zimefungwa kifuani, kila mmoja ana duara la kitambaa cheupe mapajani. Wanashona kofia za viua. Mtu anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anakaza, anahamia kitundu kingine.

Katikati ya mkeka kuna kiti kimoja cha mbao. Hicho ni kiti cha msomaji. Kwa miaka kumi na miwili amekikalia Chaehoi. Leo amekikalia Zoubeir, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi, na anasoma vizuri. Hilo halina ubishi.

Chaehoi yuko chini mkekani kama wengine. Ameshika sindano. Inamponyoka. Anaiokota. Inamponyoka tena.

"Koko, nikutungie uzi?" anauliza Hayrat, aliyekaa ubavuni pake. Koko ni bibi, kwa Wakomoro wa hapa.

"Uzi umo. Kinachotoka ni vidole."

Kabla ya magharibi Nadjma, mwenye nyumba na mkubwa wa kundi hili la washonaji, atasema nani atakaa kwenye kiti kile kuanzia kesho. Kila mtu uani anajua. Chaehoi anajua kuliko wote, maana kiti kile ndicho kazi yake, na kwa vidole alivyo navyo, kazi nyingine hana.

Kazi yenyewe ni hivi. Mshonaji wa kofia hutumia mikono na macho, masikio yake yanabaki bure. Kofia moja nzuri hula miezi. Habari za jirani zikishaisha, na zinaisha upesi, watu wanabaki kusikiliza kuku. Kwa hiyo kundi hili liliamua kuwa na msomaji. Yeye anasoma, nao wanashona kofia moja ya ziada kwa zamu, huyu leo na yule kesho. Ikiuzwa, ni yake. Mwaka mzuri Chaehoi hupata kofia nne. Amelea kwa kofia hizo wajukuu wawili.

Wewe unayesoma habari hii usidhani kwamba uani hapa watu wanazungumza Kiswahili. Wanazungumza Kimalagasi cha pwani hii, Kikomoro kinaingia wakikasirika, na Kifaransa kinaingia wakitaja dawa au shule. Kiswahili kimebaki kwenye sala, kwenye biashara na kwenye bahari. Basi Chaehoi hufungua kitabu cha Kiswahili, macho yanasoma lugha moja, mdomo unatoa nyingine, papo hapo. Hata maneno yao haya yamegeuzwa Kiswahili ili tusikilizane.

Na kazi hiyo hakuifundishwa shuleni. Shule aliisoma miaka mitatu, na chuo cha Kurani kidogo zaidi.

Alizaliwa Ampisikina hapa hapa, babu yake alitoka kisiwa cha Nzwani, Komoro. Mwishoni mwa mwaka 1976, Wakomoro wa Mahajanga walipouawa na kufukuzwa, wengi waliobaki walisafirishwa kwenda visiwani Komoro. Baba yake Chaehoi alikataa kupanda ndege. Alisema kwao ni hapa, na kama hapa hapakaliki, basi atakaa mahali pengine pa Bukini, nchi hii hii ya Wamalagasi. Mwanzoni mwa 1977 wakaenda kisiwani Nosy Be.

"Walituambia rudini kwenu," anasema Chaehoi. "Mimi nimezaliwa njia ya tatu kutoka hapa nilipokaa. Nirudi wapi, tumboni?"

Huko Nosy Be, katika mji wa Andoany, alipata kazi ya kufua nguo kwa mwanamke mzee aliyeitwa Bibi Echa. Watu wa Bibi Echa walikuwa wafanyabiashara wa siku nyingi, wakienda Unguja na kurudi. Walimwachia kasha la vitabu vya Kiswahili, kisha macho yakamwacha. Siku moja akamuuliza mfuaji wake kama anajua herufi.

"Nikasema herufi nazijua, maneno siyajui. Akasema, wewe tamka tu, kuyajua ni kazi yangu. Basi nikawa kama redio. Redio haijui inasema nini, lakini watu wanapata habari."

Miaka saba alikuwa akifua asubuhi na kutamka jioni. Neno moja leo, mawili kesho, redio ikaanza kuelewa. Bibi Echa alimfundisha maneno ya dua, ya bei, ya tanga na ya upepo. Kasoro ilikuwa moja.

"Alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Maneno ya ugomvi hakunifundisha. Tukifika watu wanapotukanana ananiambia, ruka hapo mwanangu, hao wana hasira tu."

Mwaka 1984 Chaehoi alirudi Mahajanga, na Bibi Echa akampa kitabu kimoja akichukue. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina la kitabu na la mtungaji yamepotea pamoja. Ndicho kitabu anachokisoma Zoubeir leo.

Ni hadithi ya mjane anayeitwa Riziki. Mume amekufa, mashemeji wanaitaka nyumba. Wanampeleka kwa kadhi, wanamnyooshea kidole, wanasema, "Mwanamke huyu ni mrongo." Riziki anasimama na kujibu, "Ndiyo, nimesema urongo. Na leo mkiniuliza tena, nitasema urongo ule ule." Wanamtoa nyumbani.

Hapo msomaji wa Mombasa au Unguja ameshaelewa. Lakini tulia kidogo, usikimbie mbele. Kwa Kikomoro cha Nzwani, urongoa ni kusema. Mtu akirongoa, anazungumza, anasimulia. Chaehoi alipoliona neno urongo katika kitabu alilifurahia kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Kati ya maneno yote yaliyompa taabu, hilo hakumuuliza Bibi Echa hata siku moja.

"Ningeuliza vipi neno la nyumbani kwetu?"

Basi akawasomea wanawake hivi: mashemeji walisema mwanamke huyu ni msemaji, ana mdomo. Riziki akajibu, "Ndiyo, nimesema. Na leo mkiniuliza tena, nitasema yale yale." Akafukuzwa kwa sababu ya kusema.

Na kitabu chote kikakaa sawa. Kila penye urongo aliweka maneno, na kila mara yaliingia. Mama mkwe anapomwambia Riziki kwamba urongo wake utamponza, ikawa maneno yako yatakuponza. Nani asingeamini? Mama wakwe wote wanasema hivyo.

Wanawake wa ua huu wamesikia vitabu vingine. Waliletewa vya Kifaransa, wakavichoka. Hayrat anakumbuka kimoja ambacho mwanamke alikaa dirishani akihema, kurasa na kurasa, na mvua haikunyesha wala mtu hakuja. "Nikamwambia Koko, mruke huyo, hana kazi ya kufanya. Nadjma akakataa."

Nadjma alikataa kwa sababu ana sheria yake, na sheria hiyo ndiyo sheria ya mkeka: hakuna kuruka, hakuna kuongeza. Mtu akilipwa kwa uzi wa watu, awape kitabu chote kama kilivyo.

Riziki lakini hawakumchoka. Kitabu kikiisha, waliomba kirudiwe. Walimgombania. Wengine walisema angenyamaza tu, akapata angalau chumba cha uani. Wengine walisema chumba cha uani kwa mwenye nyumba ni tusi. Maneno yake yalitoka mkekani yakaingia mtaani. Mwanamke akibanwa na mwenye nyumba wake au na mtoza ushuru sokoni, alimjibu, "Ukiniuliza tena nitasema yale yale," na wenzake wakacheka kwa kujua yametoka wapi. Hayrat alipojifungua mtoto wa kike, miaka tisa iliyopita, alimwita Riziki.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita. Zoubeir ni mtoto wa dada yake Nadjma. Alikwenda Unguja akasoma Kiswahili huko, akarudi. Watu wanamwita Fundi, maana kwa Wakomoro fundi ni mwalimu. Alikuja kwa mama yake mdogo kupima kofia, akasimama mlangoni akisikiliza, kofia ikiwa nusu kichwani.

"Mama mdogo, Koko anasoma nini?"

"Kitabu cha Kiswahili. Wewe si ndiye unayekijua?"

Akaomba kuuona ukurasa. Akausoma. Akausoma tena. Wote waliokuwapo wanasema alijitahidi kuwa na adabu, na kwamba adabu yenyewe ndiyo iliyowatisha.

"Koko, uniwie radhi. Hapa huyu hasemi kwamba amesema. Anasema kwamba amedanganya. Urongo ni uongo. Ni vandy." Vandy ni uongo kwa Kimalagasi cha hapa, hata mtoto wa kunyonya analijua.

"Nani vandy?" aliuliza Hayrat.

"Riziki."

"Mwanangu?"

"Wa kitabuni, Mama Riziki. Wa kitabuni."

Zoubeir akaeleza kwamba siku hizi wengi huandika uongo, na kwamba mtungaji huyu bila shaka ni mtu wa pwani ya kaskazini, ameiacha ile r mahali pake.

"R moja?" aliuliza Chaehoi.

"R moja, Koko."

"Imepita mbele ya macho yangu miaka yote hiyo bila hata kunisalimu."

Mtu mmoja alicheka. Nadjma hakucheka. Alichomeka sindano katika kitambaa, jambo asilolifanya ovyo, akasema maneno ambayo mtaa mzima unayarudia hadi leo.

"Hakuna kuruka, hakuna kuongeza. Chaehoi, wewe umeongeza mwanamke mzima."

Hayrat ndiye aliyeumia zaidi. Habari ilifika Belobaka, nje ya mji, anakoishi wifi yake, kabla hata kofia za siku ile hazijakunjwa. Wifi akatuma salamu kwa mchuuzi wa mboga: "Msalimieni mtoto wa vandy." Hayrat hakuzungumza na Chaehoi kwa juma zima. Alikuja, akashona zamu yake ya kofia ya Koko, akaondoka. Hata hasira yake ilishona vizuri.

Nadjma akaamua. Fundi atakisoma kitabu upya, kutoka ukurasa wa kwanza uliopo mpaka wa mwisho, kama kilivyo. Wakati huo Chaehoi atakaa mkekani na sindano kama mtu yeyote. Kitabu kikiisha, ataamua nani msomaji.

"Nilimwambia sawa," anasema Chaehoi. "Sheria ni yake na neno nimelikosa. Lakini nikamwambia pia, nitakaa pale pale mbele. Sitajificha nyuma ya mtungi kama mtu aliyeiba."

Na kweli, majuma yote haya amekaa mbele.

Sasa Zoubeir amefika ukurasa wa mwisho. Anasoma, anaeleza, anafunga.

Hayrat ndiye anayeanza. "Kwa hiyo aliapa kwamba kulikuwa na mashahidi wawili mume alipompa nyumba."

"Ndiyo."

"Na hawakuwapo."

"Hawakuwapo."

"Lakini mume alimpa kweli?"

"Alimpa kwa mdomo. Walikuwa wao wawili tu."

"Basi nyumba ni yake!"

"Ameapa uongo, Hayrat," anasema Nadjma. "Ameapa! Mbele ya kadhi!"

"Na wale mashemeji walioapa kwamba hawajui kitu, mbona hakuna aliyewaita vandy?"

"Mashemeji hatuwazungumzi."

"Ndiyo shida yetu, hatuwazungumzi!"

Mkeka mzima unaingia. Mmoja anasema mwenye haki hahitaji uongo. Mwingine anamuuliza mwenye haki huyo amemwona wapi, amwonyeshe njia. Mwanamke wa makamo aliyekaa pembeni, ambaye hajasema neno tangu adhuhuri, anatoa uzi mdomoni.

"Mimi huyu mwongo nampenda zaidi kidogo kuliko yule. Yule wa Koko alikuwa safi mno. Miaka yote hata wali hakuunguza."

Wanacheka, na Chaehoi anacheka nao, tena kwa sauti. Zoubeir naye anatabasamu. Anaona mambo yanakwenda vizuri.

"Mnaona?" anasema. "Kitabu chenyewe ni kizuri kuliko kosa."

"Ni kizuri," anasema Hayrat. "Sikatai. Lakini mimi namtaka wangu. Mwanangu sikumpa jina la huyu. Nilimpa jina la yule aliyesema."

"Mama Riziki, yule hayupo. Ni neno lililosomwa vibaya."

Chaehoi anaweka sindano chini. Safari hii haikumponyoka.

"Hayumo kitabuni," anasema. "Usiseme hayupo."

"Koko..."

"Ngoja, Fundi, umesoma majuma manne, mimi nipe dakika. Neno nimelikosa. Nimelikosa kila mara lilipokuja, wala sitafuti mlango wa kutokea. Kitabu kichukue, ni chako, maana wewe unakijua. Lakini niambie, yule mwanamke aliyefukuzwa kwa kusema ni wa nani? Mtungaji hakumtunga, umetuonyesha. Bibi Echa hakunipa. Nadjma anasema nimemwongeza. Haya. Mwizi huchukua kitu cha mtu. Huyu hana mtu. Basi ni wangu."

Zoubeir si mtu wa kunyamazishwa kirahisi. Anavua miwani.

"Umemjenga kwa mbao za mwenzio, Koko. Kadhi ni wa mtungaji. Mashemeji ni wa mtungaji. Nyumba ni ya mtungaji."

Hapo amepiga penyewe, na Chaehoi anajua. Anatazama mikono yake, anafikiri, hana haraka.

"Kweli," anasema. "Nitamrudishia. Kadhi achukue, mashemeji achukue, na nyumba achukue na milango yake. Mimi nabaki na yeye tu, nje, na fungu lake la nguo."

"Atakwenda wapi?" anauliza Hayrat.

"Hilo silijui bado. Lakini kwa nini katoka, hilo nalijua bila kusoma. Amefukuzwa kwa kusema, kwangu ni hapa." Anazungusha macho mkekani. "Ninyi mnadhani kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyenistukia? Miaka kumi na miwili! Mnanistukia nikikohoa, mnaniambia Koko umeruka mstari. Hapo hamkustuka. Mliona ni sawa, maana mnamjua huyo mtu. Nani hapa hana wa kwao aliyetolewa nyumbani mwaka ule?"

Katika ua ule hakuna asiye na mtu kama huyo. Nadjma alimzika kaka yake mwaka ule. Yeye ndiye anayetazama chini kwanza, na yeye ndiye anayeinua kichwa kwanza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize na mimi. Kiti kile hakikaliwi kwa mdomo. Ukinisimulia leo, kesho utabadilisha, na mimi sitajua umeruka wapi na umeongeza nini. Mwanamke wako mwandike. Fundi atatusomea vitabu vyake siku mbili za juma, akitaka. Siku nyingine, ukija na ukurasa ulioandikwa, utakaa kitini utatusomea, na kofia yako itashonwa kama zamani. Usipokuja nao, sindano ile pale."

"Ukurasa mmoja?"

"Mmoja. Pande zote mbili. Na hakuna kuruka."

"Nadjma, mwenye kuandika ataruka nini? Shimo la kurukwa yeye ndiye anayelichimba!"

"Wewe nakujua. Utaruka."

Mtu anaweza kuuliza mwanamke ambaye sindano inamshinda ataandikaje. Chaehoi ameulizwa hivyo na mabinti zake, na jibu lake ni fupi. "Sindano ni nyembamba, ndiyo inayonikimbia. Kalamu nitaifunga kitambaa, itakuwa nene kama mwiko. Mwiko haujawahi kunishinda."

Siku zilizofuata, taabu ilikuwa kwingine. Kabla hajaandika neno la kwanza, watu walikwisha kugombana ataliandika kwa lugha gani. Zoubeir alimshauri aandike Kimalagasi kile cha shuleni, kwa kuwa kina herufi zilizokubaliwa na huenda siku moja mtu akakichapa. Kikomoro, alimwambia, kila mtu anakiandika anavyotaka, na lugha hii ya uani yenye mchanganyiko haijaandikwa na yeyote.

"Basi itaandikwa na mimi," alimjibu. "Huyu mwanamke alifukuzwa kwa mdomo wake. Nimnyang'anye mdomo huo halafu nimpe wa shuleni? Nitaandika kama ninavyosikia. Atakayeona nimekosea aandike chake, nitakaa mkekani nimsikilize kwa heshima zote."

Taabu nyingine ilikuwa jina. Zoubeir alikumbusha, na alikuwa na haki, kwamba hata jina Riziki ni la mtungaji. Chaehoi alikuwa tayari kulitoa. Hayrat ndiye aliyekataa, akasimama kabisa mkekani, vipande vya uzi vikimdondoka.

"Jina hilo halirudi kwa mtu! Limekaa nyumbani kwangu miaka tisa, limekula, limeumwa surua, limepona. Limeshakuwa la kwetu. Koko, mimi nakupa."

Hivyo ndivyo wawili hao walivyopatana kabisa.

Jumatano iliyofuata Chaehoi alikuja na ukurasa wake. Aliandika siku mbili na kuchana mara tano. Kuandika, anasema, ni kuchungu kuliko kusoma, kwa kuwa ukisoma, mtungaji amekwisha kuhangaika kwa niaba yako. "Nilikuwa nawalaumu watungaji. Huyu mbona amenyamaza hapa, huyu mbona anahema dirishani. Sasa najua. Alikuwa hajui aandike nini, maskini."

Alikaa kitini. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemzuia. Akavaa miwani, akasoma sentensi ya kwanza:

"Mlango ulifungwa nyuma yangu nikiwa bado nasema."

Nadjma akasimamisha sindano. "Nani kaufunga?"

"Sijasema bado."

"Utasema?"

"Nitasema."

"Hapana, asiseme," alidakia Hayrat. "Tunamjua."

"Wewe unamjua, mtu wa Belobaka hamjui!"

"Wa Belobaka nitampelekea mimi mwenyewe, nimsomee mlangoni kwake!"

Wakagombana hivyo mpaka jua likahamia ukutani. Ukurasa haukuisha siku ile. Lakini kofia ya Chaehoi ilishonwa, na Nadjma ndiye aliyeichukua kwanza.

Chaehoi sasa ana kurasa kumi na moja. Riziki wake yuko njiani kuelekea Andoany, ana fungu la nguo na hana mwenyeji. Akimaliza, Chaehoi anakusudia kuzipeleka kurasa kwa mpiga chapa mmoja mjini ambaye mke wake huvutiwa na kofia za Nadjma, zipigwe nakala kadiri itakavyowezekana. Kuzifunga hatamlipa mtu. Washonaji wamesema wataishona migongo ya vitabu wenyewe, kwa uzi ule ule wa kofia.

Je, haogopi kwamba watu wenye elimu watakicheka?

"Wacheke. Kitabu kinachochekwa kimefunguliwa. Mimi nilifukuzwa mji huu nikarudi. Nimeshushwa kwenye kiti kile nikakipanda. Watanishusha wapi tena?"

Zoubeir, kwa upande wake, bado anasema lile lilikuwa kosa la kusoma, na atalisema mpaka kesho. Lakini juzi alikuja uani kabla ya wakati wake, akasimama kando ya kiti, akaomba azipitie zile kurasa kumi na moja kabla hazijaenda kupigwa chapa, asije mtu akasema hakuna aliyemsaidia Koko.

Chaehoi alizikunja, akazishika muda, kisha akampa.

"Herufi ziangalie," alimwambia. "Mwanamke usimguse."